Maji ya Mchana

Mchungaji aliingia kwenye karakana ya ushonaji ya baba yangu, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, akiwa na kitambaa cheupe kwapani. Alitaka tumshonee bango lenye msalaba na tone la maji, la kutundika kijijini siku misheni yake itakapofungua pampu mpya. Baba akakitandaza kitambaa mezani akaanza kupima. Mimi nilikuwa kwenye cherehani ya pili, natia lastiki kwenye sketi za shule, nikamwuliza mchungaji jambo ambalo nilikuwa nikijiuliza tangu utotoni: watu wanaochimba visima hujuaje kwamba maji yako hapa na si pale?

Akanijibu kwa upole. Nikauliza jingine. Mashine inatoboa jiwe kwa meno ya namna gani? Udongo unaotoka unapelekwa wapi? Na maji yakikataa kutoka, mnamwambia nini mwenye kijiji? Baba alikohoa, kwa sababu kwake mteja hupimiwa, huagwa, akaenda zake. Lakini mchungaji alikuwa ameshakaa kwenye benchi na hakuonekana kuwa na haraka.

"Mama," akaniambia mwishowe, "kuliko miye kukuelezea hapa, kuya uone weye mwenyewe. Kule mu kijiji tunatafuta muntu wa kuzungumuza na bamama. Sisi bote tuko banaume."

"Lakini miye niko Muislamu, Papa Pasta."

"Najua. Papa yako ananishonea tangu zamani. Siombi uhubiri. Naomba uzungumuze."

Ukoo wetu ulitoka Kasongo, kule Maniema. Babu alikuja Lubumbashi na mzigo wa vitambaa, akakaa. Nimekua kati ya majirani Wakatoliki, na sahani za Idi na za Noeli zimepita juu ya ukuta wetu huku na huku miaka yote. Hata hivyo sikuwahi kupanda gari la misheni. Jioni nilimwuliza baba kama naweza kwenda. Alikata uzi kwa meno, akasema niende, ila swala zangu nisiziache njiani.

Tulikwenda kwa njia ya Lukafu, pikapu mbele na lori la mashine nyuma, vumbi jekundu likiingia hata kwenye mkate. Kijiji kilikuwa ndani zaidi, baada ya mashamba ya mihogo na karanga, kati ya vichuguu vya mchwa virefu kuliko nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuketi na akina mama na kuzungumza nao kuhusu kunawa mikono na kufunika ndoo. Kila nilipopata nafasi niliponyoka, nikaenda kusimama karibu na mashine.

Fundi wa mashine alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alichota udongo uliokuwa ukitoka chini akaupanga mafungu mafungu juu ya plastiki. Fungu la kwanza lilikuwa jekundu kama barabara. Lililofuata lilikuwa la manjano, halafu la kijivu, halafu jeupe lenye kung'aa kidogo. Nilichuchumaa nikayapapasa yote, kama ninavyopapasa vitambaa sokoni kabla ya kununua. Sikuwahi kufikiri kwamba chini ya miguu yetu kuna rangi nyingi namna ile, tena kila moja na ulaini wake.

"Huyu mama anauliza kuliko injinia," fundi alimwambia mchungaji, lakini aliendelea kunijibu.

Asubuhi, kabla ya kazi, walisimama duara wakashikana mikono na kuomba. Siku ya kwanza sikujua nikae wapi, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Hakuna aliyeniuliza. Adhuhuri nilitandika mkeka wangu nyuma ya lori, na nilipoanza tu kuswali mashine ikanyamaza. Nilidhani imeharibika. Nilipomaliza nikamkuta fundi amekaa juu ya tairi anakula karanga. Aliponiona nakunja mkeka, akainuka akaiwasha tena.

Maji yalitoka kama tope kwanza, kisha kama maziwa, kisha safi, meupe ya kuona mpaka chini. Fundi aliyapima kwa vijiti vyake vinavyobadilika rangi akaridhika. Yakashushwa mabomba, ikafungwa pampu, likajengwa jukwaa la saruji. Siku ya kufungua, bango letu lilitundikwa kati ya miti miwili na akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Alisema haya ni maji ya uzima, na kijiji kizima kikaitikia amina. Tulipewa kuku wawili, tukarudi mjini tukiwa na furaha.

Baada ya miezi kadhaa mchungaji alikuja tena karakanani, safari hii bila kitambaa. Alisema alikuwa amepita kijijini mara mbili. Pampu inafanya kazi, maji ni safi, yeye mwenyewe ameyanywa. Lakini muuguzi wa zahanati ya jirani amemwambia kwamba akina mama bado wanachota bondeni, kwenye kinamasi, na watoto bado wanaletwa wakiharisha.

"Niliuliza," akasema. "Banajibu, mayi iko muzuri, tunashukuru. Bote banajibu vile. Weye ungebauliza?"

Sitaficha kwamba nilikubali zaidi kwa sababu ya kutaka kujua kuliko kwa sababu ya wema. Watu wamepewa maji safi karibu na milango yao, kisha wanateremka bondeni kuchota machafu. Kulikuwa na jambo ndani yake, na mimi nikiona uzi unaning'inia siwezi kuuacha.

Tulifika mchana. Mchungaji na fundi waliendelea mpaka kijiji cha pili kukagua pampu nyingine, nami nikabaki kwa mama mmoja mjane, wa umri wa mama yangu, aliyekuwa akilea wajukuu wake na kulima karanga. Aliwahi kuishi Lubumbashi zamani, mume wake alipokuwa akifanya kazi mgodini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, na Kibemba kidogo ndani. Kabla ya kuketi nilikwenda kwenye pampu. Wanafunzi walikuwa wametoka shuleni, wananing'inia kwenye mkono wa pampu na kurushiana maji. Nilikinga viganja nikanywa. Maji yalikuwa baridi na matamu. Nilizidi kutoelewa.

Jioni mwenyeji wangu aliweka maharagwe motoni, akamimina maji kutoka kwenye bidoni, dumu la njano. Nilitazama ndani ya sufuria. Maji yalikuwa na rangi ya majani yaliyooza.

"Mama," nikamwuliza, "mayi ya pompe iko mubaya?"

"Hapana. Iko muzuri. Tunashukuru sana."

"Lakini unapika na ya bondeni."

Alikoroga maharagwe. "Ile ya pompe," akasema, "ni mayi ya muchana."

"Mayi ya muchana njo nini?"

"Utalala hapa, si vile?"

"Nitalala."

"Basi."

Akageuza maneno, akaniuliza kama baa za Kamalondo bado zinapiga kelele siku za mpira. Nilimjibu, nikamweleza habari za mtaa mmoja baada ya mwingine, huku neno lake likizunguka kichwani. Maji gani yana mchana na usiku?

Alfajiri niliamka kwa ajili ya swala. Maji ya mwenyeji wangu sikutaka kuyagusa, kwa kuwa aliyapandisha mlima kichwani. Nikachukua birika langu dogo nikaenda kwenye pampu peke yangu. Mkono wa pampu ulikuwa mzito, ukalia kama mlango wa zamani. Nilipampu, maji yakaja. Kulikuwa bado na giza jepesi, sikuona rangi. Nilinawa viganja, nikapeleka maji mdomoni nisukutue, na hapo harufu ikanisimamisha. Yalinuka damu.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nimejikata. Niligeuza mikono nikitafuta jeraha, sikuliona. Nikasubiri kidogo, anga likapata weupe, nikakinga tena. Kwenye kiganja changu maji yalikuwa na rangi ya chai. Nilisimama pale nikijiuliza kama maji ya namna ile yanafaa kutawadha. Baba angejua, mimi sikujua. Mwishowe nilitayamamu kwa vumbi safi pembeni, nikaswali juu ya nyasi.

Nilipotoa salamu nikamwona mwenyeji wangu amesimama nyuma ya jukwaa la saruji, bidoni tupu mkononi.

"Sasa umeona," akasema.

"Nimeona. Juu ya nini hamukusema, Mama?"

Alikuwa akiutazama mkeka wangu. "Weye uko wa kanisa yabo?"

"Hapana. Miye Muislamu."

"Aa. Miye nilifikiri uko ma-sœur, juu ya kile kitambaa."

Alidhani mimi ni mtawa, kwa sababu ya mtandio wangu. Tulicheka wote wawili, na nadhani kile kicheko ndicho kilichofungua mlango, kwa sababu baada ya hapo alikaa kwenye ukingo wa saruji akanieleza yote.

Siku ile ya kufungua, alisema, Pasta aliyaita maji ya uzima, nao wakasema amina. Kesho yake asubuhi walikuja na ndoo, wakakuta yananuka damu. Bukari, yaani ugali, ikawa ya kahawia. Maharagwe yakawa meusi. Akina mama walikaa wakashauriana, wengine wakinong'ona habari za laana. Mmoja alisema waende kwa mchungaji. Wengine wakakataa: mtu amekuombea, amekuletea zawadi, halafu umwambie maji ya Mungu wake yananuka? Watasema sisi ni watu wabaya. Watasema ni sisi tumeyaharibu. Wakanyamaza, wakarudi bondeni. Mchana, watoto wakishacheza sana na pampu, maji huwa meupe.

"Na bageni banakuya muchana," akamalizia.

"Weye juu ya nini umeniambia miye?"

"Juu ile amina haiko yako, hautakasirika."

Alinipeleka nyumbani akanitolea blauzi nyeupe ya kwaya, ya mjukuu wake wa kike. Ilikuwa na madoa ya manjano kifuani na mgongoni. Niliitazama dirishani, na madoa yale nilikuwa nayajua. Pini ikisahaulika kwenye kitambaa chenye unyevu, huacha doa lile lile. Nimeyaondoa kwa ndimu na chumvi mara nyingi mno.

"Hii haiko damu, Mama. Ni kutu. Kutu ya chuma."

Alinusa blauzi. Akafikiri. "Chuma iko wapi mu udongo?"

Lilikuwa swali zuri. Jibu nilitamani kulijua kuliko hata yeye.

Mchungaji na fundi walirudi kabla ya jua kuwa kali. Nilikuwa nimemwomba mwenyeji wangu ruhusa ya kusema, naye akakubali, ila yeye akaingia jikoni na kujifanya ana kazi. Nilimweleza mchungaji kila kitu. Sikujua atachukuliaje. Alikuwa mtu mpole, lakini mpole naye ana mahali anapoumia. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Banasema ni damu?"

"Banasema inanuka kama damu, Papa Pasta."

"Na miye nilisimama pale nikasema ni mayi ya uzima." Halafu akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akainama kidogo. "Pole, Mama. Leo tutalala hapa. Kesho asubuhi utuonyeshe."

Alfajiri iliyofuata tulikuwa wengi kwenye pampu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu habari kijijini haihitaji baiskeli. Fundi aliazima mabeseni meupe akayapanga chini, kama alivyopanga udongo wake safari ya kwanza. Alipampu akajaza beseni moja, akalisogeza, akajaza jingine. Maji ya kwanza yalikuwa kama chai ya rangi. Yaliyofuata yalipauka, yaliyofuata yakapauka zaidi, mpaka kwenye beseni la mwisho tukaona maua yaliyochorwa ndani yake. Aliyaonja yote, akitema pembeni. Uso wake ulikuwa na uchangamfu ambao niliuelewa vizuri.

"Haiko udongo," akasema. "Ingekuwa udongo, ingetoka vile vile asubuhi na muchana. Ni bomba. Mayi ya hapa iko na uchachu kidogo. Inalala usiku mzima mu bomba ya chuma, inakula chuma. Siku ile nilipima, bomba zilikuwa hazijaingia."

Mwenyeji wangu alikuwa akisikiliza kwa makini. Fundi akamwambia kwamba kwa sasa wanaweza kupampu mpaka maji yawe meupe, ndipo wachote.

"Na nani atapampu kwa ajili ya bengine?" mwenyeji wangu akauliza. "Mwenye kufika wa kwanza njo anachoka, wa nyuma anakuta muzuri. Bote batangojea kuwa wa nyuma."

Akina mama walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Fundi pia alicheka, akakiri hana dawa ya hilo.

Kabla hatujaondoka, mchungaji aliomba watu wakusanyike kwenye darasa. Nilitegemea ibada. Haikuwa ibada. Alisema alikuja na pampu kama zawadi, na zawadi ikiwa na kasoro, aliyepewa aseme. "Mungu hatakasirika," akasema, "na miye sitakasirika." Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, bila kusimama, kwamba mkono wa pampu ni mzito kwa wajawazito. Mwingine akasema mfereji wa maji machafu umeelekezwa kwenye shamba lake la mihogo. Mzee mmoja akasema mbuzi wanalala juu ya saruji na hakuna uzio. Yalimiminika mpaka mchungaji akachukua kiti akaketi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Mimi nilikuwa mlangoni, nikistaajabu kuona watu wale wale waliokuwa na jibu moja sasa wana mambo yote haya.

Mabomba mapya ya plastiki aliyoyaagiza mchungaji yalichelewa. Mvua zilikuja, njia ya Lukafu ikawa tope, na lori halikuweza kupita. Nilishona mashati ya shule nikifikiria kile kinamasi, jinsi kinavyochukua kila kitu mvua inapoosha mashamba. Mchungaji alipopita karakanani alikuwa akianza na habari hiyo kabla ya salamu. Nilihisi ilikuwa ikimnyima raha.

Barabara ilipokauka tukarudi. Fundi na vijana wa kijiji waliyatoa mabomba ya zamani moja baada ya jingine, wakayalaza nyasini. Niliingiza kidole ndani ya moja. Kilitoka na magamba ya kahawia, mepesi kama maganda ya karanga. Nilimwita mwenyeji wangu aone. Naye akaingiza kidole chake, akakinusa, akawapelekea wenzake nao wanuse. Kila mmoja alitikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoona wameamini kwamba haikuwa laana wala damu ya mtu.

Mabomba ya plastiki yalishushwa, mfereji ukageuzwa, na wazee wakaweka uzio wa miti. Kazi ilikwisha alasiri. Maji yalitoka meupe, watoto wakayanywa, mchungaji akayanywa. Akina mama walisimama wamekunja mikono. Walishukuru kwa adabu, halafu wakaenda nyumbani, na ndoo zao zikiwa tupu.

"Bado bananiogopa?" mchungaji akaniuliza.

"Hapana. Hii ni mayi ya muchana. Banangoja asubuhi."

Nilipotoka alfajiri na birika langu niliwakuta akina mama tayari wamezunguka pampu. Mchungaji na fundi walikuwa wamesimama mbali, karibu na shule, mchungaji ameshika kofia yake mkononi. Nadhani hakutaka mtu aseme amina kwa ajili yake. Mwenyeji wangu alipampu mwenyewe. Alikinga kiganja, akanusa, akaonja, akanusa tena.

"Inanuka nini?" mama mmoja akauliza.

"Hainuke kintu," akasema. "Iko mayi."

Akajaza bidoni yake, mjukuu akamtwisha, akaondoka, na aliyemfuata akasogea.

Si wote walioacha bonde. Nguo bado wanafulia kule, kwa sababu kuna mawe mapana na jua zuri la kukaushia, na mimi sioni ubaya. Muuguzi alimwambia mchungaji kwamba watoto wanaoletwa wamepungua. Tangu wakati huo nimekwenda vijiji vingine na misheni ile, na sasa mchungaji ndiye anayesema tulale kwanza, tuone asubuhi.

Siku ile akina mama walipoanza kuchota, tukirudi Lubumbashi, nilikaa mbele, kati ya mchungaji na fundi aliyekuwa akiendesha. Niliuliza kwa nini maji ya kijiji kile yana uchachu na ya kijiji cha pili hayana, ilhali vimetenganishwa na kilima kimoja tu. Fundi alisema hajui. Labda ni jiwe, labda ni majani yanayooza, labda maji yale yanatoka mbali kuliko tunavyodhani. Mchungaji naye akaleta wazo lake, fundi akalipinga, nikaleta langu. Tulikuwa bado tunabishana tulipoingia mjini, na fundi akapitiliza njia ya kwetu.